Picha Isiyo na Vumbi

Sura ya Tisa

Alasiri ya Ramadhani, kituo cha polisi cha Sfax hakikuwa na mtu mkorofi. Hata wezi walikuwa wamechoka. Mmoja aliyeletwa asubuhi kwa kuchomoa simu sokoni alikuwa amelala chali kwenye benchi la mahabusu, kiatu kichwani badala ya mto, na askari aliyepaswa kumlinda alikuwa amelala akiwa amekaa, jambo ambalo kwa polisi huhesabiwa kuwa la heshima zaidi.

Inspekta Naziha Rekik hakulala. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu adhuhuri kwa kukosa kahawa, miguu imemvimba ndani ya viatu, na mbele yake kulikuwa na faili ambalo halikuwa lake mpaka leo asubuhi. Mwenzake aliyekuwa nalo alipandwa na sukari akalazwa hospitali. Mkubwa wa kituo akalipitisha mlangoni kwa ncha za vidole, kama mtu anayekabidhi mtoto aliyejikojolea.

Mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Jumatatu, boila ya kiwanda cha makapi ya zeituni, barabara ya Gabès, ilipasuka. Mchochea moto wake, Hmida, alikufa papo hapo. Siku chache tu kabla ya hapo boila hiyo ilikuwa imepewa cheti cha uzima, kwa maelezo kwamba ilikaguliwa kwa mkanda wa vihisi: chombo kinachopeleka ndani ya chuma sauti isiyosikika na sikio, kikapokea mwangwi, kikachora picha ya kilichomo. Mwenye kampuni ya ukaguzi, Mondher Jallouli, ambaye mji mzima humwita Si Mondher, yaani Bwana Mondher, aliandikisha kwamba kosa si la kampuni. Kosa ni la mhandisi wake, Emna Zghal, aliyebuni mkanda wenye vihisi vichache kuliko kawaida. Macho machache, ufa ukapita.

Naziha alikuwa amemtembelea asubuhi. Mtu mnene, mpole, mwenye manukato. Mezani kwake palikuwa na kipande cha chuma kinachong'aa, chenye mstari wa kuchomelea katikati, cha kuwaonyesha wateja. Muda wote akizungumza alikuwa anakipangusa kwa mkono wa koti, kama anampapasa paka.

"Nilimwonya, Bibi yangu, Lalla Naziha," alisema. "Msichana mwerevu, lakini mbishi. Alitaka kuona bahari kwa tundu la sindano."

Emna alikuwa ndani tangu juzi. Mwendesha mashtaka alitaka faili mezani kwake kabla ya adhana ya magharibi, na likifika kama lilivyo, binti huyo angefuturu gerezani leo na Idi ingemkuta huko huko.

Koplo Lassaad aliingiza kichwa mlangoni. Alikuwa mtu wa Tataouine, kule kusini jangwani, mrefu, mwembamba, aliyekaa Sfax miaka mingi bila kuacha kuwashangaa wenyeji wake.

"Afande, yule mjane wa Hmida yupo tena. Mabrouka. Anauliza swali lile lile."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia akae. Amekaa. Lile benchi la koridoni sasa ni lake, imebaki kuliandika jina."

"Niletee mhandisi kwanza."

Emna Zghal aliingia na nywele zilizofungwa kwa mpira wa kufungia bahasha. Alipoketi hakumtazama inspekta, alitazama faili.

"Nimechoka, binti, kwa hiyo sitapiga kelele," alisema Naziha. "Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako. Kwa nini uliweka vihisi vichache?"

"Shangazi yangu aliniuliza hivyo hivyo. Alidhani ni ubahili."

"Wewe ni mtu wa Sfax. Alikuwa na haki ya kudhani."

Emna nusura atabasamu. Aliomba kikopo cha pini kilichokuwa pembeni ya meza, akamwaga chache.

"Mkanda wa kawaida una vihisi zaidi ya mia. Kila kimoja na waya wake, kila waya na mlango wake kwenye mashine. Mashine inakuwa kama friji, fundo la waya nene kama paja la mtu. Nani atapanda nalo ngazi ya boila? Hapandi mtu. Wanatazama kwa chini, wanagonga kwa nyundo, wanaandika ni nzima. Mimi nikataka kitu ambacho fundi mmoja atakibeba begani. Nikapunguza vikabaki thelathini na viwili."

"Ukapunguza na macho."

"Hapo ndipo kila mtu anaponigombeza." Alizipanga pini kwa mstari, zote kwa nafasi sawa. "Ukipunguza kwa mpangilio hivi, moja baki, tatu toa, ndiyo, umeharibu. Ufa mmoja mashine inauona mara tatu, wa kweli na vizuka vyake, vyote vinang'aa sawasawa, na hujui umkamate yupi."

"Hiyo naijua. Naishi nayo."

"Basi unazivuruga." Emna alizisukuma pini, mbili zikakaribiana, ya tatu ikabaki mbali, nyingine mbili zikasogeleana ukingoni. "Hapa karibu, hapa mbali, bila kulingana. Sasa vizuka havina pa kukusanyika. Vinatawanyika kwenye picha nzima, vinakuwa vumbi hafifu. Ufa unabaki peke yake juu ya vumbi."

"Nani anajua wapi iwe karibu na wapi iwe mbali?"

"Kompyuta. Ilijaribu mipangilio majira yote ya joto. Mimi kazi yangu ilikuwa kulipa umeme." Alirudisha pini moja kikoponi. "Tena havitazami kama macho, Inspekta. Kimoja kinapiga sauti, vingine vyote vinasikiliza. Halafu cha pili kinapiga, vyote vinasikiliza. Mpaka cha mwisho. Ni kama kijiji chenye watu wachache lakini kila mtu anamsema kila mtu. Hakifichiki kitu."

Naziha aliyafumba macho kidogo ili kichwa kipungue kugonga. Alikuwa ameelewa, na hilo lilimchosha zaidi, kwa sababu faili ambalo halieleweki mtu hulipitisha tu.

"Ufa uliopasua boila. Mkanda wako ungeuona?"

"Ule ungeonekana hata kwa nusu ya mkanda. Nawaambia tangu juzi, nionyesheni picha. Wananijibu ipo kwenye faili."

"Hujaionyeshwa?"

"Nimeonyeshwa faili. Limefungwa."

Naziha hakusema kitu juu ya mwenzake, maana mgonjwa hasemwi. Alilifungua faili, akaichomoa picha ya cheti, akaisukuma upande wa pili. Ilikuwa nyeusi, imetulia, na mstari mweupe wa kuchomelea katikati, mwingine mweupe chini yake ulioonyesha upande wa nyuma wa chuma, na kiputo kidogo cha hewa kushoto, saizi ya mbegu ya ufuta.

Emna aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii si ya mkanda wangu."

"Kila mtu akikaa kwenye kiti hicho husema si yake."

"Vumbi liko wapi?" Aliweka kidole kwenye weusi. "Hapa na hapa. Mkanda wangu hautoi picha iliyotakata hivi, hata ningekuwa nauhitaji uniokoe. Hii ama imetoka kwenye mashine kubwa, ama mtu amelifuta vumbi."

"Linafutika?"

"Kwa kitufe kimoja cha kuzungusha. Unapandisha kiwango, kila kilicho hafifu kinakuwa cheusi. Lakini ufa mwembamba nao ni hafifu, unaondoka na vumbi. Ndiyo maana nimekataza. Tumegombana mwaka mzima juu ya hicho kitufe."

"Wewe na nani?"

"Mimi na Si Mondher. Yeye alianza kwa kuuza mashine za kutazamia mimba. Huko mama anataka amwone mtoto mzuri. Akaja na tabia hiyo kwenye chuma."

Naziha aliandika neno moja. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa: "Zouhair, fundi wako, anasema boila ilikuwa imezimwa na imepoa, akaufunga mkanda, akapiga picha. Ni lazima ipoe?"

"Mpaka uweze kuiwekea kiganja. Gundi inayoshika vihisi haivumilii moto. Ukiufunga kwenye boila inayowaka, vihisi vinakufa."

"Lassaad," aliita Naziha. "Kalete mkanda kutoka stoo ya vielelezo. Na kile kisanduku chake."

Mkanda ulikuja ndani ya mfuko wa plastiki wenye lebo. Kisanduku cha mashine hakikuzidi kopo la biskuti. Emna aliunganisha, akagusa kihisi kimoja kimoja kwa ncha ya kidole huku Lassaad akichungulia skrini, na kila alipogusa mstari uliruka.

"Vyote vizima," alisema Emna, na sauti yake ikapungua badala ya kupanda. Alikuwa amekwisha kuona jambo linakoelekea. Kama vihisi ni vizima, basi boila ilikuwa baridi kama Zouhair alivyosema, fundi alifanya kazi yake, na mwenye kosa ni yeye.

Lassaad naye aliona. Alimrudisha mahabusu kwa upole ambao hakuwa nao wakati wa kumleta.

Naziha alitoka kwenda kunawa uso. Kurudi, alimkuta Mabrouka kwenye benchi lake, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa, sufuria yenye kifuniko imefungwa kwa kitambaa miguuni pake.

"Inspekta mpya wewe?"

"Mpya kwa faili hili tu, mama. Vingine vyote ni vikuukuu."

"Yule wa kwanza hakunijibu. Nina swali moja. Mashine haikuona, au watu hawakuangalia? Nikishajua nitakwenda zangu."

"Sijui bado."

"Wewe angalau unasema hujui." Mabrouka alisogeza sufuria. "Kaa, miguu yako inasikitisha."

Naziha alikaa. Alimuuliza siku ile ya ukaguzi, nusu ya Ramadhani, kama Hmida alisema chochote. Kama alirudi mapema, maana boila ikizimwa mchochea moto hana kazi.

"Arudi mapema?" Mabrouka alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki hupanda ngazi. "Hmida hajafuturu nyumbani hata siku moja mwezi huu. Msimu wa zeituni moto hauachwi. Kila siku nampelekea chakula, anaiweka sufuria juu ya bega la boila ibaki na joto mpaka adhana."

"Hata siku hiyo?"

"Siku hiyo hasa. Nusu ya Ramadhani kwetu hatuli shorba, supu ya siku zote, napika kuskusi ya samaki. Nikampelekea, akaiweka pale pale kama shorba. Kuskusi haina mchuzi wa kuiokoa. Ikashika chini, ikaungua." Aliishika sufuria, akaiinua kidogo na kuonyesha kitako chake cheusi. "Nilimtukana. Akacheka, akala mpaka iliyoungua. Nimeisugua kwa mchanga, haitoki."

Naziha alikitazama kile kitako cheusi. Kisha alisimama, polepole, kwa hatua mbili: kwanza mgongo, halafu magoti.

Zouhair Ktari alikuwa anangoja chumba cha pili. Kijana wa mabega mapana, macho mekundu, midomo imekauka kama ya kila mtu saa ile. Lassaad alikuwa amekwisha kumhukumu tangu mlangoni.

"Huyu ndiye, Afande," alinong'ona. "Mtu anayetokwa jasho wakati hajanywa maji tangu alfajiri ana akiba ya kitu."

Naziha alikaa, akauweka mkanda mezani kati yao.

"Zouhair, mwanangu, nisaidie niende nyumbani. Boila ilikuwa baridi?"

"Baridi, Inspekta. Nilisema."

"Uliiwekea kiganja?"

"Niliiweka."

"Siku hiyo hiyo mtu mmoja aliweka sufuria ya kuskusi juu ya boila hiyo, ikaungua chini mpaka leo haijasuguka. Sasa boila inayounguza kuskusi, wewe uliiwekea kiganja. Nionyeshe kiganja."

Zouhair hakukionyesha. Alikiingiza chini ya meza.

"Basi labda nilikosea," alisema baadaye. "Labda ilikuwa na moto kidogo. Nilijitahidi, nikaufunga hivyo hivyo."

"Ukaufunga kwenye chuma cha moto."

"Ndiyo."

"Na vihisi vyote vizima. Tumevijaribu sasa hivi, kimoja kimoja." Naziha alipitisha kidole juu ya mkanda bila haraka. "Chagua moja, mwanangu. Ikiwa baridi, kuskusi ya marehemu iliunguzwa na nini? Ikiwa ya moto, mkanda huu ungekuwa maiti. Mimi sina haraka, lakini kuna mwenzako wa kazi huko ndani ambaye gari la gereza linamjia kabla ya futari."

Kijana aliutazama mkanda mpaka Lassaad akaanza kukohoa. Halafu mabega yale mapana yakashuka.

"Sikuufunga," alisema. "Sikuutoa hata kwenye mfuko. Meneja wa kiwanda alinikuta mlangoni, akasema msimu haujaisha, moto hauzimwi, rudi baada ya Idi. Nikampigia Si Mondher. Akaniambia nenda ukafuturu, tutarekebisha. Kesho yake cheti kilikuwa kimetoka, kina picha na jina langu."

"Hukuuliza picha imetoka wapi?"

"Sikuuliza."

"Na Emna alipokamatwa?"

"Si Mondher alisema yeye ana digrii, hawatamfanya kitu. Mimi ndiye nitakayeozea ndani." Alijifuta uso. "Wallahi picha sijui ilitoka wapi."

Koridoni, Lassaad alikuwa amefurahi kama mtu aliyekwisha kunusa shorba. "Basi imekwisha, Afande. Tumpigie mwendesha mashtaka."

"Tumwambie nini? Kwamba fundi amekiri kudanganya? Si Mondher ataketi hapo, atapangusa machozi, atasema kijana alimletea picha bandia naye akaamini. Tutakuwa tumemtoa mmoja na kumwingiza mmoja, na yeye atakwenda nyumbani kula sambusa zake za brik." Aliukumbuka ule mkono wa koti unaopangusa. "Chukua gari. Mwite Si Mondher, umwambie namhitaji kwa dakika chache anieleze mambo ya kitaalamu, maana mimi ni mwanamke mjinga. Na aje na kile chuma chake cha mezani, nimekipenda."

"Akikataa?"

"Mwambie nimekisifu. Hatakataa."

Hakukataa. Alifika jua likiwa limelegea dirishani, manukato yake yakitangulia, amekipakata kile chuma kwa mikono miwili. Alipomkuta Emna amesimama kando ya meza alisita, kisha akamsalimu kwa huzuni nzuri, huzuni ya mtu aliyejizoesha mbele ya kioo.

"Emna, mwanangu. Nimekuombea."

"Nimesikia, Si Mondher. Ulipokuja kuandikisha maelezo yako nilikuwa chumba cha jirani."

"Nisamehe kukusumbua saa hizi," Naziha alimwambia. "Nataka nione tu huu mkanda unavyofanya kazi, ili niandike kwa usahihi. Tuujaribu kwenye chuma chako."

Uso wa Si Mondher haukubadilika. Mikono ndiyo iliyobadilika. Ilikishika chuma zaidi kidogo, halafu ikakiachia mezani.

"Inahitaji kilainishi kati ya kihisi na chuma," alisema. "Nadhani hapa hamna."

"Mafuta yoyote yanafaa," alisema Emna. "Sisi kiwandani tunatumia ya zeituni."

Wote walimtazama Lassaad, kwa sababu kila mtu pale kituoni aliujua mfuko wake wa futari.

"Hayo yametoka kwa mama yangu," alisema Lassaad. "Ya Tataouine. Hayapakwi vyuma."

"Kwani yanafaa kitu kingine?" aliuliza Emna.

"Binti, wewe uko mahabusu. Usinitie uchungu." Lakini alikitoa kichupa, akamimina kidogo kwenye chuma, kidogo kabisa, kama anatoa damu.

Emna aliulaza mkanda, akabonyeza. Kisanduku kilitoa mlio mwembamba. Kwenye skrini picha ilijijenga kutoka kwenye ukungu: mstari wa kuchomelea, mstari wa nyuma, na juu ya yote lile vumbi, la kijivu, limekwaruzika, kama skrini imepeperushiwa mchanga. Ndani ya vumbi, kushoto, palikuwa na kitu kidogo kinachong'aa. Emna alikiona, akataka kusema. Naziha alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Lo, Si Mondher," alisema Naziha, akiuweka uso karibu na skrini na kukunja kipaji. "Sasa nakuelewa. Mimi hapa naona uchafu mtupu. Picha kama hii mteja unampaje?"

Si Mondher alivuta pumzi. Alikuwa mtu mwangalifu, ndiyo, lakini mbele yake ilikuwa picha mbaya ya kitu chake mwenyewe, na alikuwa amekaa miaka mingi akiwafurahisha akina mama.

"Hapana, haipewi hivi," alisema. "Hawa vijana wanaipenda ikiwa mbichi, ndiyo ugomvi wetu. Inahitaji mkono tu. Ruhusu."

Akajongea, akaupeleka mkono kwenye kitufe kwa namna ya mtu anayejua kilipo hata gizani, akakizungusha. Vumbi likafifia. Akakizungusha tena, taratibu, kichwa kimeinama upande, na ukungu wote ukazama, ukabaki weusi mtulivu, mstari mweupe, mstari mweupe, na kiputo kimoja cha hewa kushoto, saizi ya mbegu ya ufuta.

"Umeona?" alisema, kwa fahari kidogo. "Sasa mtu anaweza kuitazama."

Naziha alifungua faili, akaiegemeza picha ya cheti kando ya skrini.

Zilikuwa picha mbili za kitu kimoja, na mkono wa Si Mondher ulikuwa bado uko kwenye kitufe. Aliutazama mkono ule kama vile ni wa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

"Viputo vyote hufanana," alisema hatimaye.

"Hivi vinafanana mpaka mahali vilipo," alisema Naziha. "Kaa, Si Mondher. Miguu yako inasikitisha."

Alikaa. Alijaribu kumsingizia Zouhair, kama Naziha alivyotazamia: pengine kijana aliingia ofisini usiku, pengine alikitumia chuma bila ruhusa. Zouhair aliyekuwa amesimama mlangoni alimwambia, bila ukali wowote, kwamba hicho kitufe Emna alimfundisha kutokigusa na hajui hata kinazungushwa upande gani. Si Mondher akaacha. Alisema boila ile alikuwa anaifahamu, kwamba haikuwahi kusumbua, kwamba kiwanda kisingezima moto hata angepiga magoti, na kingekwenda kwa mkaguzi mwingine ambaye angewapa cheti bila hata picha.

"Mimi angalau niliweka picha," alisema.

Naziha aliliandika hilo neno kwa neno. Alikuwa ameshasikia maneno mengi ndani ya chumba kile, na mengine alikuwa amejifunza kuyasahau kabla ya kufika nyumbani. Hili alijua atalala nalo.

Alipiga simu. Mwendesha mashtaka alisikiliza, akauliza mara mbili, akasema mhandisi aachiwe, mwenye kampuni abaki, meneja wa kiwanda aletwe kesho, na faili lije likiwa jipya. Tena lije baada ya futari, kwa sababu yeye pia ni binadamu. Lassaad aliufunga mkanda ndani ya mfuko wake na kukipima kwa macho kichupa cha mafuta kimebaki na kiasi gani.

Naziha alimpeleka Emna mwenyewe mpaka koridoni. Njiani hakufurahi yule binti, wala hakulia. Alikuwa anajifuta mafuta kiganjani kwa pindo la blauzi na yalikuwa yanakataa kutoka.

Mabrouka aliinua kichwa. Siku aliyokamatwa Emna, mwanamke huyu alimmwagia laana mlangoni mbele ya watu wote. Sasa aliwatazama wote wawili, kisha Emna peke yake.

"Wewe ndiye mwenye mashine."

"Ndiyo, mama."

"Haikuona?"

Emna alimtazama Naziha, na Naziha akatazama ukuta. Hilo halikuwa la polisi.

"Haikupelekwa," alisema Emna. "Haikutolewa hata kwenye mfuko."

Mabrouka alilipokea hilo, akalikalisha mahali fulani ndani yake. Kutoka nje kulianza kusikika ule ukimya wa dakika za mwisho, magari yamekwisha, mji mzima umekaa mbele ya sahani.

"Na ingepelekwa?"

Binti alikitazama kiganja chake kinachong'aa.

"Ingeona."

Adhana ilianza msikiti wa mbali, ikadakwa na wa karibu. Mwizi wa simu aliamka bila kuamshwa. Ofisini, Lassaad alisikika akimgawia Si Mondher tende na kumwambia asizoee. Naziha alivua viatu pale pale, akasimama kwa soksi juu ya sakafu ya baridi.

Mabrouka alikifungua kitambaa, akaondoa kifuniko, mvuke wa shorba ukapanda. Alitoa kijiko kimoja kwenye mkoba wake. Halafu akatoa cha pili, akakishika kwa muda, akamnyooshea Emna bila kumtazama.

"Sogea," alisema. "Bado mkono unapika ya watu wawili."